Shahada ya usafi wa kinywa na meno

Shahada ya usafi wa kinywa na meno ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu inayomwandaa mtu kuwa mtaalamu wa kuzuia magonjwa ya meno na fizi. Nchini Marekani, ambako taaluma hii ilianzia, masomo yake huchukua kwa kawaida miaka 4 na krediti zipatazo 120.

Mtaalamu wa usafi wa kinywa si daktari wa meno. Hang'oi meno wala hachimbi jino lililooza. Kazi yake ni kupima afya ya fizi, kukwangua ugaga, kupiga picha za eksirei, kupaka madini ya floraidi na kumfundisha mgonjwa namna ya kutunza kinywa chake.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba nchini Marekani shahada ya kwanza si sharti la kupata leseni ya kazi hii. Anayesoma miaka michache katika chuo cha jamii na anayesoma miaka 4 chuo kikuu hufanya mtihani mmoja, hupata leseni moja na huweza kuketi kwenye viti viwili jirani katika kliniki moja. Tofauti yao huonekana baadaye, pale mmoja anapotaka kufundisha, kufanya utafiti, kusimamia mradi wa afya ya jamii au kusoma shahada ya uzamili. Kwa hiyo anayefikiria kusoma shahada hii anapaswa kujua mapema inampa nini na haimpi nini.

Kazi yenyewe

Kinywani mwa kila mtu kuna bakteria. Baada ya kula, bakteria hao hujishika kwenye meno kama utando laini. Utando usipoondolewa kwa mswaki na uzi wa meno, huchanganyika na madini ya mate ukawa mgumu kama chokaa: huo ndio ugaga. Mswaki hauwezi kuuondoa. Ugaga unapojificha chini ya fizi, fizi huvimba na kutoa damu, kisha mfupa unaoshika jino huanza kuliwa polepole. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu, hata siku anapoona jino linacheza. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Mtaalamu wa usafi wa kinywa huingia hapo kati, kabla jino halijapotea. Hutumia kijiti chembamba chenye alama za milimita kupima kina cha mfuko ulio kati ya jino na fizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 kwa kawaida ni cha fizi yenye afya. Kuanzia milimita 4 kunahitaji kuangaliwa. Kila jino hupimwa sehemu 6, hivyo mtu mwenye meno 28 huandikiwa vipimo 168. Vipimo hivyo vikilinganishwa na vya miezi iliyopita, huonyesha kama ugonjwa unasonga mbele au umetulia.

Magonjwa anayopambana nayo mtaalamu huyu si madogo. Katika ripoti ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu watu bilioni 3.5 ulimwenguni wana magonjwa ya kinywa. Mengi kati ya hayo huweza kuzuiwa.

Historia

Taaluma hii ilianzia katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut. Daktari wa meno Alfred Civilion Fones (1869–1938) aliona kwamba kusafisha meno ya wagonjwa mara kwa mara kulipunguza magonjwa, lakini kazi hiyo ilikula muda wake mwingi. Mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kuifanya badala yake.

Mwaka 1913 Fones alifungua shule ya kwanza ya fani hii. Wanafunzi wa kwanza, wote wanawake, walihitimu mwaka 1914. Wengi wao waliajiriwa na shule za mji huo kusafisha meno ya watoto na kuwafundisha kupiga mswaki. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi hii ilikuwa na sura mbili: ya kliniki na ya elimu kwa jamii. Mwaka 1915 Connecticut ilitunga sheria ya kuitambua kazi hiyo, na mwaka 1917 Newman alipata leseni ya kwanza.

Vyuo vikuu navyo viliingia mapema. Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kufundisha fani hii mwaka 1921. Mwaka 1923 kiliundwa chama cha kitaifa cha wanataaluma hao, ambacho kifupi chake ni ADHA.

Aliyeipa fani hii kitabu chake kikuu cha kiada ni Esther Wilkins (1916–2016). Alianza kama mtaalamu wa usafi wa kinywa, akasomea udaktari wa meno, kisha akaanzisha masomo ya usafi wa kinywa katika Chuo Kikuu cha Washington. Kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1959 na kimeendelea kutolewa upya kwa vizazi vya wanafunzi.

Njia za kuifikia shahada

Zipo njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Mwanafunzi huingia chuo kikuu baada ya sekondari, husoma masomo ya msingi ya sayansi kwa mwaka 1 au 2, kisha huomba nafasi katika idara ya usafi wa kinywa na kusoma huko muda uliobaki. Kukubaliwa chuoni hakumaanishi kukubaliwa katika idara. Nafasi ni chache kwa sababu viti vya kliniki na walimu wana idadi maalumu, na wapo wanaofaulu masomo ya msingi wakakosa nafasi.

Njia ya pili ni ya kupanda ngazi. Mwanafunzi huanza katika chuo cha jamii na kupata shahada ndogo, ambayo kwa ngazi iko karibu na stashahada ya Tanzania au diploma ya Kenya. Hufanya mitihani, hupata leseni na kuanza kazi. Baadaye hujiunga na programu ya kukamilisha shahada, ambamo masomo aliyokwisha kusoma huhesabiwa, naye huongeza yale yaliyobaki. Programu hizi nyingi hufundishwa kwa intaneti, kwa kuwa mwanafunzi ameshajifunza kazi ya mikono na ana leseni tayari. Mara nyingi humalizika kwa mwaka 1 au 2, kutegemea krediti alizo nazo na kasi yake.

Shahada ndogo huitwa ya miaka miwili, lakini jina hilo hudanganya. Miaka 2 huhesabiwa kuanzia siku mwanafunzi anapoingia katika masomo ya fani yenyewe. Ukijumlisha masomo ya sayansi yanayotakiwa kabla yake, wengi hutumia miaka 3 au zaidi. Hivyo tofauti ya muda kati ya njia hizi mbili ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Masharti ya kujiunga

Kila chuo hujiwekea masharti yake, lakini yanafanana. Mwombaji huhitaji cheti cha sekondari na ufaulu mzuri katika kemia, biolojia, anatomia na fiziolojia ya binadamu, na mikrobiolojia. Mara nyingi hutakiwa pia saikolojia, sosiolojia, uandishi na ufundi wa kuzungumza mbele ya watu. Vyuo vingi humtaka aliyesoma kwa lugha nyingine aonyeshe kwamba anaimudu lugha ya Kiingereza.

Vipo pia vya nje ya darasa: chanjo, hasa ya homa ya ini aina ya B, uchunguzi wa kumbukumbu za jinai, na cheti cha huduma ya kwanza ya kuufufua moyo. Vyuo vingine hutaka mwombaji awe ameketi kliniki kwa saa kadhaa akiangalia kazi inavyofanyika. Saa hizo zina faida kwa mwombaji mwenyewe. Mtu anayeona kinyaa kwa damu na mate ni heri ajue kabla ya kulipa ada.

Masomo

Masomo ya shahada hugawanyika katika mafungu manne.

La kwanza ni sayansi ya msingi: kemia, anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, lishe na elimu ya dawa. Elimu ya dawa ni muhimu kwa kuwa mgonjwa anayekuja kusafishwa meno huweza kuwa anatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, za shinikizo la damu au za kisukari, na kila moja hubadili namna ya kumhudumia.

La pili ni sayansi ya kinywa: maumbile ya meno na mizizi yake, tishu za kinywa, magonjwa ya fizi, magonjwa mengine ya kinywa na upigaji wa eksirei. Mwanafunzi hujifunza kulitambua kila jino kwa umbo lake, maana chombo kinachofaa jino la mbele hakifai gego.

La tatu ni taaluma yenyewe. Hufundishwa kama mzunguko wa hatua: kumchunguza mgonjwa, kutambua tatizo, kupanga huduma, kuitekeleza, kutathmini matokeo na kuandika kumbukumbu. Hapo ndipo mwanafunzi hujifunza kunoa vyombo vyake, kuua vijidudu kwa mvuke, kuziba mifereji ya magego ya watoto ili yasioze, na, katika majimbo mengi, kuchoma sindano ya ganzi.

La nne ndilo linaloitofautisha hasa shahada ya kwanza na shahada ndogo: njia za utafiti, takwimu, afya ya jamii, mbinu za kufundisha, uongozi na sera ya afya. Mwanafunzi hujifunza kusoma ripoti ya utafiti na kuuliza kama hitimisho lake linatokana kweli na takwimu. Hupewa pia mradi: kwa mfano, kupima hali ya meno ya watoto wa shule moja, kupanga mafunzo kwa ajili yao, kisha kupima kama mafunzo yaliwasaidia.

Mazoezi ya kliniki

Mwanafunzi huanza kwa kichwa cha sanamu chenye meno ya plastiki, kisha hufanya mazoezi kwa wanafunzi wenzake, na mwisho huhudumia wagonjwa wa kweli katika kliniki ya chuo. Miongozo ya ithibati hupendekeza takribani saa 8 hadi 12 za kliniki kwa wiki katika mwaka wa kwanza wa kuhudumia wagonjwa, na saa 12 hadi 16 katika mwaka wa mwisho. Kliniki huwa na mwalimu 1 kwa wanafunzi wasiozidi 5.

Mgonjwa anayeweza kuhudumiwa na mzoefu kwa saa 1 huweza kukaa na mwanafunzi kwa saa 3, hata akaombwa kurudi siku nyingine, kwa kuwa kila hatua hukaguliwa na mwalimu. Zaidi ya hayo, chuo huweka aina za wagonjwa wanaotakiwa: watoto, wazee, watu wenye ugaga mwingi, watu wenye magonjwa mengine ya mwili. Katika vyuo vingi ni juu ya mwanafunzi kuwatafuta. Wapo wanaofaulu darasani lakini wakachelewa kumaliza kwa kukosa mgonjwa wa aina fulani. Aliye mgeni mjini na asiye na ndugu karibu hulazimika kuanza kuwatafuta mapema, kazini, kanisani, msikitini na kwa majirani.

Kazi hii pia ina gharama kwa mwili. Kuinama juu ya kinywa cha mtu kwa saa nyingi, mkono ukirudia mwendo uleule, huleta maumivu ya shingo, mgongo na kiganja. Ndiyo maana mkao sahihi hufundishwa tangu wiki za kwanza, na mwanafunzi hupewa alama kwa jinsi anavyoketi.

Ithibati, mitihani na leseni

Masomo yanayompeleka mtu kwenye leseni hukaguliwa na Tume ya Ithibati ya Elimu ya Meno, inayojulikana kwa kifupi chake CODA. Programu zilizopitishwa nayo ni zaidi ya 300. Hili ndilo jambo la kwanza kukaguliwa na yeyote anayechagua chuo, kwa maana katika karibu majimbo yote aliyesoma mahali pasipo na ithibati hiyo hawezi kupata leseni, hata kama alisoma kwa bidii na kulipa ada yote. CODA hukagua programu za kuingilia kazini. Kwa programu za kukamilisha shahada, kinachotazamwa ni ithibati ya jumla ya chuo chenyewe.

Baada ya masomo kuna mitihani. Wa kwanza ni wa kitaifa wa kuandika, wenye maswali 350: 200 ya maarifa ya kawaida na 150 yanayohusu visa vya wagonjwa, ambapo mtahiniwa hupewa historia, picha za eksirei na vipimo vya fizi kisha huulizwa angefanya nini. Wa pili ni wa vitendo. Zamani ulifanywa kwa mgonjwa hai, naye asipofika siku hiyo mtahiniwa alikuwa taabani. Tangu janga la UVIKO-19, majimbo mengi yamekubali pia mtihani unaofanywa kwa sanamu. Majimbo mengi huongeza mtihani wa sheria zake.

Leseni hutolewa na jimbo, si na serikali kuu. Anayehama kutoka jimbo moja kwenda jingine hana budi kuomba tena, na kazi anazoruhusiwa huweza kubadilika. Colorado, kwa mfano, imewaruhusu wataalamu hawa kufungua kliniki zao wenyewe tangu miaka ya 1980, ilhali majimbo mengine huwataka wafanye kazi chini ya usimamizi wa daktari wa meno.

Shahada inaongeza nini

Katika kliniki ya kawaida ya binafsi, shahada ya kwanza haiongezi sana. Mwajiri hulipa kwa leseni, uzoefu na mahali ilipo kliniki. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilionyesha kwamba mwezi Mei 2023 mshahara wa kati wa wataalamu hawa ulikuwa dola 87,530 kwa mwaka, na ofisi hiyohiyo hutaja shahada ndogo kuwa ndiyo elimu ya kawaida ya kuingilia kazi. Anayetaka kukaa kitini na kuhudumia wagonjwa maisha yake yote anaweza kuanza kwa njia fupi bila hasara kubwa.

Shahada huleta tofauti nje ya kiti. Kufundisha wanafunzi, kuratibu miradi ya afya ya kinywa mashuleni, kufanya utafiti, au kufanya kazi katika idara za afya na kampuni za vifaa vya meno kwa kawaida hudai shahada ya kwanza au zaidi. Ndiyo mlango wa shahada ya uzamili. Minnesota inatoa mfano mzuri: mwaka 2009 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuanzisha watabibu wa meno, na mafunzo ya ngazi ya juu yaliyofuata katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha Metropolitan yalipokea wataalamu wa usafi wa kinywa waliokuwa tayari na shahada ya kwanza. Wenye leseni bila shahada walibidi kwanza warudi darasani.

Ipo pia sababu ya mwili. Mtu ambaye mgongo au kiganja kimechoka akiwa na miaka 45 anahitaji kazi nyingine ndani ya taaluma yake. Mwenye shahada ana pa kuhamia.

Mambo ya kukagua kabla ya kuchagua chuo

Kabla ya kulipa chochote, mwanafunzi anashauriwa kuuliza haya:

1. Je, programu iko katika orodha ya CODA leo, si mwaka jana? Orodha hiyo ni ya wazi kwa kila mtu.
2. Wangapi walioanza humaliza, na wangapi hufaulu mtihani wa kitaifa kwa mara ya kwanza?
3. Ada ni kiasi gani ukijumlisha vyombo, sare, miwani ya kukuzia, bima na ada za mitihani? Gharama hizi mara nyingi haziko kwenye ada iliyotangazwa.
4. Je, masomo ya chuo cha jamii yatahamishika kwenda chuo kikuu? Makubaliano hayo yawe ya maandishi.
5. Jimbo ambalo mwanafunzi anataka kuishi linaruhusu kazi zipi?

Aliyesomea afya ya kinywa nje ya Marekani na kuhamia huko kwa kawaida huwasilisha vyeti vyake vikatathminiwe, lakini mara nyingi hutakiwa kusoma upya katika programu yenye ithibati. Masomo yake ya sayansi huweza kuhesabiwa.

Nchi nyingine

Kanada ina shahada za fani hii katika vyuo vikuu kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha British Columbia. Uholanzi imeyafanya masomo yake kuwa shahada ya miaka 4, na mhitimu wa huko huruhusiwa pia kuziba matundu madogo ya meno.

Katika Afrika Mashariki kazi imegawanywa kwa namna nyingine. Tanzania ina matabibu wa meno wa ngazi ya stashahada, na Kenya ina maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wanaofundishwa katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya. Hao hufanya usafi wa meno na elimu kwa jamii, lakini pia huziba na kung'oa meno, kwa kuwa madaktari wa meno ni wachache na wengi wako mijini. Ngazi ya shahada katika nchi hizi ni zaidi ya udaktari wa meno wenyewe, unaofundishwa katika vyuo kama Muhimbili na Nairobi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma juu ya shahada ya usafi wa kinywa asiilinganishe moja kwa moja na utabibu wa meno wa kwao. Mtaalamu wa Marekani anaruhusiwa mambo machache zaidi kwa upande wa tiba, na ameingia kwa kina zaidi katika kinga.

Tazama pia

Meno
Fizi
Mswaki
Daktari wa meno